Makao Makuu Hayafuati Tawi

Tak-tak-tak-tak.

Niliisikia kabla sijafungua mlango. Kabati la diski la Rejaf lilikuwa linaandika kama limepagawa, na ndani hakuna mtu.

Naitwa Semei. Fundi wa mitambo kwa mshahara, mshairi kwa damu. Sikufundishwa na mtu, na hapa Juba sijaona wa kunifunika.

Shirika letu linatunza sauti za watu waliopotezana vitani. Zinakaa kwenye makabati mawili ya diski: moja liko mjini, makao makuu. La pili liko Rejaf, nje kidogo ya mji, kwenye tawi ninalolihudumia. Yameunganishwa kwa intaneti ya mnara: kinachoandikwa mjini, Rejaf nako kinajiandika hapohapo.

Radi ikaunguza la mjini. Likaletwa jipya, tupu kabisa. Sauti zote zikabaki Rejaf tu.

Nyuma yangu alisimama Mama Nyamuoch. Kila Ijumaa alikuja kumsikiliza mwanawe, Kuany. Kijana alirekodi salamu kambini, homa ikamuua kabla hazijamfikia mama. Kumwekea sauti hiyo kwenye simu yake ilikuwa marufuku. Bosi wetu wa makao makuu, Lubega, alisema sauti ni mali ya shirika.

"Semei, leo hii kitu inapiga kelele sana," mama akasema.

Nikampigia Lubega.

"Bosi, umewasha laini ya kuja huku Rejaf?"

"Nimewasha. Kwani iko shida?"

"Umeweka nakala itoke wapi kwenda wapi?"

"Mjini kwenda Rejaf."

"La mjini ni tupu! Geuza!"

"Wewe kijana, tangu lini makao makuu inafuata tawi?"

"Unafuta watu, bosi!"

"Basi watungie shairi." Akacheka, akakata.

Nikachomoa waya wa intaneti. Kelele ikafa. Nikafungua sauti ya Kuany.

Kimya. Utupu ulishaandikwa juu yake.

Mama Nyamuoch hakulia. Akaninyooshea kidole.

"Wewe umemsikia mara mingi. Sema wewe."

Nikavimba kichwa. Nani mwingine mji huu angeweza? Nikasimama wima, nikayatoa maneno yote ya Kuany kwa Kinuer chake, nilivyokishika kwa sikio, hadi pale Kuany alipokohoa:

"Mama, ni mimi. Nimekula. Usiuze yule ng'ombe mweupe, nakuja."

Nikangoja anisifu.

Akajiziba masikio kwa viganja.

"Alikuwa amebaki kidogo humu ndani," akasema. "Sasa nasikia wewe tu. Khalas, amekwisha."

Lubega alimfuta Kuany Rejaf. Mimi nikammalizia kichwani mwa mama yake.

Ndugu msomaji, waya haujui upande gani umejaa na upi ni mtupu. Unabeba ulichoambiwa. Ulimi nao ni hivyohivyo. Kabla hujaandika juu ya kitu, jua kwanza kama kilicho chini yake kimebaki mahali pengine.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama Nyamuoch!" nikaita. "Maneno ya Kuany hayatatoka tena kinywani mwangu. Si kwa mtu, si kwenye shairi. Nakuapia."