Maji ya Mvua ya Akina Mama wa Makote

Nianze na aibu yenyewe, maana mkiisikia kwa watu wa Makote mtaongezewa chumvi: mimi ndiye niliyemwaga maji ya akina mama wa kiwanda cha korosho, kiangazi, mchana kweupe, huku nimesimama juu ya ngazi nawapungia mkono.

Asubuhi hiyo nilitoka Nanganga sijui niendako, begi begani (shule niliiacha mapema, udadisi ndio haukuniacha), nikakuta pikapu imepata pancha na dada mmoja anahangaika na spana. Nikambadilishia tairi. Kumbe ni mhandisi, Injinia Neema, kazi yake kuchora na kufunga mifumo ya umeme inayoendesha mitambo ya viwandani, na alikuwa anapeleka Makote paneli ya pampu.

"Umewahi kufunga swichi ya boya, ile inayoelea majini na kuwasha au kuzima pampu?" akaniuliza.

Nikasema nimewahi, na haukuwa uongo: pale Ndanda nilimsaidia fundi mmoja kufunga pampu ya kukausha shimo la gereji. Basi tukapita Masasi, tukapanda mlima tukipiga soga, na mpaka leo nikiikumbuka safari ile natabasamu peke yangu.

Kiwandani kulikuwa na kisima cha saruji kilichovuna maji ya mvua, na simtanki juu ya mnara. Pampu ilitakiwa ipandishe maji, ijizime simtanki likijaa. Maji yale ndiyo hayo hayo mpaka mvua zirudi. Yakiisha, jiko la mvuke la korosho linazimwa na akina mama wanashuka bondeni na ndoo. Mama Fadhili, kiongozi wao, alinieleza hayo mara tu nilipompa shikamoo yake.

Mchana injinia akaenda barabarani kutafuta mtandao. "Boya usiliunganishe mpaka nirudi," akasema. "Mchoro huo hapo."

Nikaufungua, nikaona mistari na herufi, nikaufunga (nani anataka kuonekana hajui mchoro mbele ya akina mama wote wale?), nikaunganisha waya kama tulivyofanya Ndanda, nikawasha, nikapanda ngazi ya mnara. Pampu haikuwaka. Nikalivuta boya juu kwa kamba, pampu ikanguruma, nikalishikilia hapo mpaka maji yakalifikia na kulibeba yenyewe.

Simtanki likajaa. Likafurika.

"Fundi, yanamwagika!" Mama Fadhili akapiga kelele.

"Msiogope, mtambo huu una akili, utajizima wenyewe!" nikawapungia mkono kutoka ngazini.

"Akili za nani? Zako?"

Wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Wakakimbia na ndoo, masufuria, mabeseni ya korosho, mmoja akakinga kwa kanga, na mimi kwa kiwewe, nikidhani boya halijapanda vya kutosha, nikazidi kulivuta juu, pampu ikazidi kusukuma, nikalowa mpaka soksi. Injinia akarudi mbio akazima swichi kuu.

Hakunifokea, na hilo ndilo liliniuma. Aliutandaza mchoro juu ya boneti. "Pampu ya shimo inaondoa maji, kwa hiyo boya likipanda inawaka. Hii inajaza. Boya likipanda, izime." Akanisimamia nikafunga upya. Tukajaribu: boya likapanda, pampu ikanyamaza. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameinama kisimani, ambako maji yalikuwa yameshuka kiganja kizima.

Jioni injinia akawasha gari kurudi Masasi. Nikataka kudandia, Mama Fadhili akanishika mkono.

"Huyu haondoki. Kesho anashuka bondeni na baiskeli, mpaka kiganja changu cha maji kirudi."

Akanipeleka kwake, akanionyesha chumba chenye kitanda cha kamba na magunia yanayonukia korosho. Tangu siku ile sijagusa waya kabla sijauelewa mchoro, na nisipouelewa, nauliza, hata wakinicheka. Lakini pale mlangoni kiapo hicho kilikuwa bado kibichi.

"Unajua kuendesha baiskeli yenye madumu manne?" akaniuliza.

Mdomo ulishafunguka kusema najua.

"Sijui, Mama."

"Afadhali," akasema, akanirushia shuka. "Utaanza na mawili."