Kifuko Kilichowaka

Wateja walimwita Mkasi. Kwa miaka ishirini na saba alinyoa watu kwenye kibanda chenye viti viwili, na mdomo wake haukutulia. "Kichwa hiki ni cha watu wawili," angemwambia mteja. "Mwenzako yuko wapi?"

Ugonjwa aliurithi kwa mama yake: figo zilizojaa vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo. Kaka yake mkubwa alikuwa nao pia, na miaka mitatu nyuma ndio uliomwondoa. Homa ilipanda na kushuka wiki sita nzima. Madaktari walijua kuna usaha mahali fulani mwilini mwake, wasijue ni wapi.

Kwa hiyo homa ilipomshika Mkasi, ubavu wa kulia ukimchoma kila akiinama, utani ulimwisha. Alilazwa, akatundikiwa dripu. Homa ilipoa siku mbili, ikarudi. Altrasaundi ilionyesha vifuko visivyohesabika, vyote vimefanana.

"Kimojawapo kimeingia usaha," daktari alisema. "Lakini hatuwezi kutoboa kwa kubahatisha."

Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, iliyokuwa na mashine ya aina nyingine. Huko alichomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, akaambiwa alale kimya saa nzima. Palipo na maambukizi, mtaalamu alimweleza, hunyonya ile sukari kwa pupa na kung'aa kwenye picha.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyemsindikiza. Jioni daktari wa picha aliwaita wote wawili mbele ya kompyuta. Kwenye ukingo wa figo ya kulia, katikati ya weusi mtupu, kifuko kimoja kisichozidi limau kilikuwa kimewaka kama pete.

Mkasi alikikodolea macho. "Ndicho hiki tu? Kaka yangu alikufa kwa kitu kama hiki?"

"Huenda. Mashine hii tumeipata mwaka jana."

Mkasi aliyekuwa amejikaza kwenye msiba wa kaka yake, akawafariji wengine, aliangua kilio mbele ya mgeni.

Kesho yake walipitisha mrija mwembamba ubavuni, usaha mzito ukatoka. Siku ya nne homa ilikata. Binti yake alikuwa kando ya kitanda akimenya chungwa.

"Daktari anasema na wewe upimwe, mwanangu."

"Nilishapimwa, baba. Mwaka juzi."

"Wakasemaje?"

Aliendelea kumenya. "Ninavyo vifuko. Figo zote mbili."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa bado na majonzi ya baba mkubwa. Ningeanzia wapi?"

 Mkasi alitamani zile figo alizomrithisha zingerudishika. Mwishowe alijivuta ukingoni, akampisha nafasi kitandani, binti akaketi.

"Kliniki yako ni lini?"

"Jumanne ijayo."

"Nitamwomba daktari ruhusa. Twende wote."