Nilivyomletea Shosho Mtu wa Kwao

Kwa sisi Wakenya tuliofanya kazi Uarabuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kumpata mtu wa kwenu ilikuwa sherehe. Ukisikia mtu ametoka Nyahururu, hata kama humjui, utamvuta ndani, umpe chapati, umuulize kama mvua imenyesha. Mimi na ujinga wangu nikadhani dunia nzima iko hivyo.

Nilikuwa nesi wa kumtunza bibi mmoja wa kisiwa cha Kupro, katika nyumba ya ghorofa huko West Bay. Mwanawe alikuwa injinia wa ujenzi Lusail. Bibi alikuja kumtembelea, akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Baada ya operesheni daktari alituambia wazi kwamba asipoanza kutembea mapema, atabaki mtu wa kubebwa. Nilimpenda yule mama. Alikuwa na maneno makali na mkono wa kutoa, na nilimwita shosho, kama tunavyowaita bibi zetu nyumbani, mpaka akaitika.

Kliniki ilipomtuma mtu wa fizio aje kumfanyisha mazoezi, mwanamume wa makamo, mpole, niliona kwenye fomu yake ameandika Kupro. Nilifurahi utadhani ni jirani yetu wa nyumbani. Nikakimbilia chumbani. "Shosho, leo umebahatika. Nimekuletea mtu wa kwenu."

Shosho akajitengeneza nywele. Yule bwana akaingia, akasalimu, akataja jina lake. Lilikuwa jina la Kituruki. Shosho alibadilika uso palepale. "Huyu si wa kwetu," akaniambia kwa Kiingereza, makusudi ili naye asikie. "Mtoe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni mwanawe akanieleza nilichopaswa kuuliza kwanza. Kisiwa chao kilitawaliwa na Mwingereza kama sisi, kikapata uhuru mwaka 1960, Wagiriki na Waturuki katika serikali moja. Haikudumu. Mwaka 1974 waliotaka kisiwa kiwe cha Ugiriki waliipindua serikali, Uturuki ikaingiza jeshi, na kisiwa kikakatwa vipande viwili. Wagiriki wa kaskazini wakakimbilia kusini, Waturuki wa kusini wakahamia kaskazini. Shosho alikimbia Morphou, mji wa kaskazini, akaacha nyumba na shamba la machungwa. Mstari ule upo hadi leo, na katikati wamekaa askari wa Umoja wa Mataifa.

"Sasa mbona hukuniambia mapema?" nikamuuliza. Akacheka tu.

Kliniki haikuwa na mtu mwingine. Siku tatu shosho alilala akitazama ukuta, nami najua kosa ni la mdomo wangu na miguu ni yake. Nililia jikoni, sifichi. Siku ya nne yule bwana alirudi, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akasema yeye amekulia Morphou.

Kisha shosho, bila kugeuka: "Maji ya kumwagilia mashamba bado yapo?"

"Yamepungua. Yameanza kuwa na chumvi."

"Na machungwa?"

"Simama nikwambie."

Kumbe upole wote ule ulikuwa na ukorofi ndani! Shosho akatukana kwa Kigiriki, akashika fremu ya kutembelea, akasimama. Tangu hapo ikawa hivyo: jibu moja, hatua moja. Kanisa? Lipo, siku hizi ni makumbusho. Soko? Palepale. Walibishana pia. Mwaka 2004 kisiwa kilipiga kura ya kuungana; kaskazini walikubali, kusini wakakataa, na shosho alikuwa kati ya waliokataa. Alieleza sababu zake katikati ya korido, jasho linamtoka, asione kwamba amepita alipofika jana. Nami nilinyamaza. Nilikuwa nimejifunza.

Lakini fremu hakuiachia. Wiki zilipita, ameing'ang'ania kwa mikono yote miwili, na daktari ameanza kuguna.

Asubuhi moja wakitembea koridoni, yule bwana akamuuliza kwa nini hajawahi kwenda kuiona nyumba yake, ilhali vizuizi vya ule mstari vilifunguliwa tangu mwaka 2003.

Shosho akasimama. "Nionyeshe pasipoti kuingia kwangu? Siwezi."

Yule bwana akachomoa kitambulisho mfukoni. "Baba yangu alizaliwa kusini, karibu na Paphos. Nikitaka kuliona kaburi la babu, hiki ndicho ninachowaonyesha polisi wa upande wako. Kila ninapokwenda." Akamnyooshea.

Shosho hakuwa na miwani. Akaachia fremu, akakipokea kwa mikono miwili, akakisogeza machoni, akakigeuza nyuma, akarudi mbele, kama polisi kabisa. Nikaruka kumdaka. Yule bwana akanitikisia kichwa nitulie.

"Babu yako alilima nini?"

"Zabibu."

Akamrudishia. "Haya," akasema, "pita."

Na yeye mwenyewe akasogea pembeni kumpisha, mikono mitupu.