Kifuniko cha Ndoo ya Korosho

Kila mwaka wakati wa kupulizia mikorosho unapofika, Nachingwea hunuka salfa. Ni harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa muda huohuo, lakini hii haiondoki na upepo. Hukaa kwenye mapazia, kwenye maji ya mtungi, kwenye mkate. Mashine za kupulizia huanza kunguruma mashambani kabla jua halijachomoza, na ikifika saa nne asubuhi unga wa njano umeshatua juu ya majani, juu ya bati na juu ya nguo zilizoanikwa. Sisi watoto wa mjini tulikuwa tukijifanya hatuijui. Wanafunzi waliotoka mashambani waliingia darasani na salfa kwenye sweta zao, nasi tukakunja pua na kusogeza madawati. Ndivyo nilivyomfahamu Zuhura. Kabla sijamwona uso, nilisikia harufu yake nyuma yangu, siku ya kwanza alipohamia shuleni kwetu akitokea Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Tulikuwa kidato cha tatu. Alifikia kwa shangazi yake nyuma ya soko, alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, na alizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kimwera iliyowafanya wengine wamwigize wakati wa mapumziko. Mimi sikumwigiza. Nilikuwa na mambo yangu makubwa zaidi.

Nilikuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza. Baba yangu alikuwa karani wa ghala la korosho, na nyumbani kwetu kila kitu kiliandikwa na kuwekwa mahali pake, kuanzia tarehe ya kubadilisha mtungi wa gesi mpaka idadi ya kuku. Nilirithi hiyo tabia. Madaftari yangu yalikuwa na mistari ya wino mwekundu pembeni, na walimu waliyaonyesha madarasa mengine. Kwa hiyo mwezi wa saba, Mwalimu Mpota wa fizikia alipotutangazia kwamba shule yetu imepewa vifaa vya kuanzisha kikundi cha roboti, na kwamba wanafunzi watatu watachaguliwa kwa mtihani, sikuwa na shaka ni nani angekiongoza. Vifaa vyenyewe vilikuja katika sanduku la plastiki lenye vyumba vidogovidogo: bodi ya kijani ndogo kuliko kiganja, mota nne, betri, nyaya za rangi zote, na vihisi, yaani vijidude vinavyoiwezesha mashine kujua kama kuna mwanga, rangi, joto au sauti. Mwalimu alilifungua sanduku lile polepole, kama mtu anayefunua chakula cha wageni.

Tulichaguliwa watatu. Mmoja alikuwa Bakari, mtoto wa fundi baiskeli, ambaye mikono yake haikutulia hata akiwa anasali. Wa pili nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa Zuhura. Mwalimu Mpota hakumteua kiongozi. Alisema kila mtu atafanya anachokiweza, kisha akanikabidhi mimi daftari kubwa lenye jalada gumu. Mashindano ya Dar es Salaam yalitaka kila kikundi kiwe na daftari la kazi: kila siku mmefanya nini, kimeharibika nini, wazo limetoka kwa nani. Bakari akaanza kuniita Katibu, na jina hilo likanikaa. Nilitabasamu, lakini nilijua vizuri kwamba hakuna aliyewahi kupelekwa mahali kwa sababu ya ukatibu.

Kazi tuliyojipangia ilikuwa kutengeneza mashine ya kutenganisha korosho zilizokauka na zile mbichi. Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Korosho yenye maji ikiingia ghalani huoza na kuozesha zilizo jirani, na mkulima hushushiwa daraja mbele ya majirani zake. Kwa wiki nane tulijaribu kuifundisha mashine kuona. Tulitumia kihisi cha rangi, tukabadilisha taa, tukafunika na boksi, tukafunua. Korosho zote zilikuwa za kijivu kwa mashine ile, na mkono wake wa rula ya mbao ulizisukuma kushoto zote, au kulia zote, bila aibu. Niliandika kila kushindwa kwa mwandiko mzuri. Ndipo ikaja likizo fupi ya mwezi wa tisa, Zuhura akaenda kwao, na aliporudi hakukaa hata kitini.

"Mwalimu, macho tuyaache," alisema. "Bibi yangu haoni vizuri siku hizi. Lakini ukimimina korosho kwenye bati mbele yake, anakwambia hizi zirudishe juani. Anasikiliza tu."

Bakari akaangua kicheko. "Kwa hiyo tumbebe bibi Dar, tumfunge betri?"

"Mfunge uone. Utarudi Nachingwea na alama ya mwiko."

Tulicheka wote, hata mimi. Nilijua wazo lile ni sahihi kabla mwalimu hajasema neno. Nilikuwa nimezaliwa kwa karani wa ghala, nimesikia korosho zikimiminwa maisha yangu yote, ile sauti ya mvua ya mawe wakati gunia linapofunguliwa, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba ndani yake kuna habari. Yule wa Narung'ombe ndiye aliyesikia. Bakari alikata chupa ya maji ikawa faneli, akakata kipande cha bati, akafunga maikrofoni chini yake. Korosho kavu ilidondoka: ko. Mbichi: pu. Zuhura alikaa kwenye kompyuta siku nne akiifundisha bodi kutofautisha ko na pu, na siku ya tano mkono wa rula ukaanza kuchagua. Mwalimu Mpota alikaa chini kwenye sakafu ya maabara, na suruali yake nzuri, akatazama korosho zikigawanyika kama mtoto anayetazama siafu. Jioni hiyo niliandika kwenye daftari: "Kikundi kimeamua kutumia sauti." Sikuandika wazo limetoka kwa nani, ingawa nafasi ya jina ilikuwepo na mstari wake niliupiga mimi mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya safari tulielezwa jambo ambalo lilibadilisha kila kitu. Wafadhili wa mashindano wangechukua mwanafunzi mmoja mmoja kutoka vikundi bora na kumsomesha, kidato cha tano mpaka chuo kikuu. Hakuna aliyesema kwamba angekuwa yule anayesimama kueleza mashine, lakini wote tulijua. Mwalimu Mpota alitutazama mmoja mmoja. "Zuhura ataeleza," akasema. "Bakari ataendesha mashine. Mwanaidi, wewe utakuwa na daftari." Nilikwenda nyumbani nikamweleza baba kwamba nimeonewa, kwamba mimi ndiye ninayezungumza Kiswahili kizuri, mimi ndiye wa kwanza darasani. Baba alikuwa anakunja shati lake la kazi. Akaniuliza bila ukali wowote, "Kwani mwanangu, wewe umefanya nini humo?" Hakuwa na nia ya kuniumiza. Aliuliza kama karani, akitaka kujua tu.

Tulisafiri Alhamisi, sisi watatu na mwalimu, mashine ikiwa imefungwa kwenye blanketi juu ya mapaja ya Bakari. Korosho za maonyesho zilikuwa kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, ya lita kumi, nusu zilizokauka na nusu mbichi, kila fungu na mfuko wake. Zuhura alizileta mwenyewe kutoka kwao, na zile kavu akazianika siku sita. Alinipa mimi ndoo ile pale stendi. "Wewe ndiye mwangalifu," aliniambia. "Bibi kasema hewa ya Dar ina maji. Usiifungue mpaka Jumamosi, mwenzangu." Tulifikia kwenye bweni la shule moja, vyumba vyenye madirisha ya wavu bila vioo. Ndoo niliiweka chini ya dirisha, upande wa kitanda changu. Jioni hiyo niliifungua. Nilitaka kuhakikisha mifuko haijachanganyika, na nilihakikisha kweli, nikahesabu hamsini na hamsini. Mpaka hapo sina la kujilaumu. Mifuko sikuifunga tena, na kifuniko nilikiacha sakafuni.

Asubuhi ya Ijumaa kulikuwa na mvua. Niliamka Zuhura ameshatoka kwenda kuoga, na nikaona maji yameingia kwa wavu, yametengeneza dimbwi dogo sakafuni kando ya ukuta, na korosho za juu zinang'aa. Kifuniko kilikuwa pale pale, hatua moja kutoka mguuni kwangu. Nilikitazama. Nimewahoji watu wengi kwa ajili ya redio tangu wakati ule, wanaume walioacha lango wazi, wanawake waliojua dawa imeisha muda, na wote huniambia hawakuona. Mimi niliona. Nilifunga kamba za viatu, za kushoto kisha za kulia, nikaenda kunywa chai. Mchana ule mvua ilipokatika nilirudi nikakausha juu kwa kanga yangu na kufunga kila kitu vizuri.

Jumamosi Zuhura alisimama mbele ya waamuzi watatu akiwa na sweta yake ileile. Alieleza vizuri, kwa lafudhi yake. Bakari akamimina korosho zilizokauka. Mashine ikazikataa. Pu, kushoto. Pu, kushoto. Akamimina tena. Kushoto. Mwamuzi mmoja akaandika kitu, kikundi cha jirani wakaanza kunong'ona, na kijana mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha, "Oya, roboti ya kusini imesusa." Bakari alikuwa anahangaika na nyaya huku jasho likimtoka. Mimi nilikuwa nimeshika daftari, na sitadanganya: nilikuwa na furaha, furaha baridi.

Zuhura aliinama, akachukua korosho moja, akaikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukaacha alama. Akachukua nyingine, ikaacha alama. Akainua uso.

"Mashine haijakosea," alisema. "Korosho ndizo zimeharibika."

Waamuzi wakatabasamu kama watu wazima wanavyotabasamu. Ndipo akafungua begi lake akatoa chupa ya plastiki ya mdomo mpana iliyojaa korosho kavu za maganda, zawadi aliyofungiwa na mama yake ampelekee mama mdogo wa Mbagala. Kifuniko chake kilikuwa kimekazwa. Alimpa mwamuzi chupa ile na kumwomba amimine mwenyewe. Ko, kulia. Ko, kulia. Ko. Akamwomba achanganye za chupa na za ndoo bila yeye kuona, akageukia ukuta. Mashine ikazigawa zote, na mwamuzi alipokandamiza kwa ukucha wake, hakukuta hata moja iliyopotea njia. Ukumbi ukapiga makofi mpaka yule kijana wa jirani naye akapiga. Kama kila kitu kingekwenda vizuri siku ile, tungekuwa kikundi kimoja kati ya vingi. Nilichokifanya mimi ndicho kilichomfungulia Zuhura mlango. Alipata ufadhili kabla hatujapanda basi la kurudi.

Miaka kumi na mmoja imepita. Bakari ana duka la kutengeneza simu na sola karibu na stendi ya Nachingwea, ana watoto wawili, na anasema kila alichojua alikijua kwenye maabara ile. Mimi ni mwandishi wa habari wa redio, Lindi. Siwezi kukana kwamba kazi yangu ilianza na lile daftari la jalada gumu, lakini huwa sipendi kulisema. Zuhura ni mhandisi. Ana karakana Ruangwa inayotengeneza vipima unyevu vya korosho, vinavyosikiliza, na kila Jumatano hufundisha vikundi vya roboti vya sekondari. Mwezi wa saba mwaka huu mhariri wangu alinituma kuandika habari zake. Nilikaa nyuma ya darasa na kinasa sauti, harufu ya salfa ikiingia dirishani, nikamsikiliza akiwasimulia wanafunzi siku ile. "Hewa ya Dar ilizilainisha korosho zetu," aliwaambia. "Bila hewa ile, tusingejua mashine yetu ni nzuri kiasi gani."

Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Dada, si mlikuwa na ndoo yenye kifuniko?"

Zuhura alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Muulize Katibu wetu yule pale nyuma. Ndoo alikuwa nayo yeye. Huyo hasahau kuandika kitu."

Darasa zima likageuka. Uso wa Zuhura ulikuwa mtulivu, wa kirafiki, na sikuweza kusoma ndani yake chochote. "Kulikuwa na mvua," nikasema.

"Mmesikia? Mvua," Zuhura akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Daftari lile bado ninalo. Ukurasa wa Ijumaa una mistari miwili mifupi, kwa mwandiko wangu mzuri: "Mvua. Hakuna kazi iliyofanyika." Nimeripoti makosa ya watu wengi na kuyataja kwa majina yao, na hili langu naliandika leo kwa mara ya kwanza. Nilidhani likishaandikwa wivu utapungua, lakini nimekaa nao usiku na mchana nao hauna dalili ya kuchoka, ila umebadili unachokitaka. Wakati ule nilitaka ufadhili wake. Sasa nina mshahara, nina jina redioni, na ninachomwonea Zuhura wivu ni kwamba siku ile anaweza kuisimulia mbele ya watoto, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho.