Nyama ya Vidudu

Mke wangu Kagure alikuwa mpishi. Hakupikia hoteli wala nyumba ya mzungu. Alipikia vidudu, katika maabara ya hospitali moja Nyeri mjini, miaka ile ya Hali ya Hatari.

Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta inasagwa, inalowekwa, inachemshwa, inachujwa kwa kitambaa. Supu inatiwa chumvi na unga wa mwani, inamwagwa kwenye visahani vya kioo ipate kuganda. Nyingine inatiwa damu ya kondoo, ikishapoa kiasi cha kuvumilika shavuni. Daktari anapaka juu yake makohozi ya mgonjwa, na vidudu vya ugonjwa vinakula, vinaota, vinaonekana. Kagure alipima joto kwa shavu tu. Supu yake haikuharibika.

Sisi wakati huo tulikuwa tumetolewa mashambani, tukarundikwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa. Lango lilifunguliwa kwa muda wa saa moja tu kila siku, tutafute chakula; Kagure alikuwa na pasi ya kwenda kazini na kurudi jioni. Msichana wetu Wangechi, aliyepewa jina la mama yangu, akavimba miguu. Nywele zikawa nyekundu. Nesi akasema apate nyama au maziwa, la sivyo hataishi.

Makapi ya nyama, yakishachujwa, yalikuwa ya mbwa wa daktari. Kagure aliyaomba kwa Masinde, msaidizi wa maabara.

"Chukua, Mama Wangechi," Masinde akasema. "Huyo mbwa amenona mpaka kubweka ni kazi."

Makapi hayana ladha. Ladha yote imebaki kwenye supu. Kwa hiyo Kagure aliyapika na damu ya kondoo iliyosalia, kama sisi tunavyopika damu siku ya kuchinja. Akafunga kwa jani la mgomba, maana vyombo vilikuwa vya serikali. Hapo ndipo alipokosea.

Langoni alikuwa Theuri, homgadi, mwenzetu aliyetulinda kwa niaba ya serikali. Tulitahiriwa naye mwaka mmoja. Mimi nilikuwa ndani, nachimba mtaro, Wangechi ameketi kando yangu. Alipomwona mama yake alisimama.

Theuri alifungua lile jani kwa mdomo wa bunduki.

"Nyama. Damu. Jani ya mgomba." Akawaita wenzake. "Kujeni muone. Mama, hii kiapo ya Mau Mau unapelekea nani?"

"Si kiapo. Ni ya mtoto. Ni nyama ya vidudu, kutoka hospitali."

"Ati vidudu!" Walicheka wakashika mbavu. "Mzungu anafuga vidudu na nyama? Mimi niko na bunduki yake na sijaonja hata mfupa!"

"Muulize Masinde."

"Masinde hayuko hapa. Kama si kiapo, kula."

Kagure alikula kidogo.

"Yote."

"Theuri, baba, nusu. Nusu nimpe mtoto."

"Mtoto akionja, basi na yeye amekula kiapo, na baba yake namtuma kizuizini Manyani leo. Kula yote, nione kama ni chakula."

Askari mmoja aliniwekea bunduki kifuani. Kagure alipiga magoti akala. Alikula haraka, macho chini. Wangechi alitembea na ile miguu yake mpaka kwa mama yake akanyoosha mkono.

"Maitu, na mimi?"

Theuri alimsukuma kwa kiatu, si kwa nguvu. Kagure alilamba jani, kwa sababu aliambiwa alambe.

"Haya pita," Theuri akasema. "Umeshiba."

Asubuhi, Masinde alimuuliza kama mtoto alipenda.

"Imeisha yote," Kagure akasema, akaendelea kusaga nyama.

Kuanzia siku hiyo walimvua nguo langoni kila jioni. Hakubeba tena kitu. Makapi yakarudi kwa mbwa.

Wangechi alikufa maharagwe yakiwa yanatoa maua. Hatukupewa ruhusa ya kutoka kumzika. Tulingoja ile saa ya chakula. Watu wote walikimbia mbele yetu kwenda kuchimba viazi, na sisi tukachimba hapo karibu na lango, mimi na Kagure, tukamaliza kabla filimbi ya kufunga lango haijalia.