Gari Lililokuwa Likiteleza Nyuma

Miaka minne hivi kabla ya korona, binti yangu, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa akishinda karibu kila Jumamosi kwenye uwanja mdogo wa mbio za magari nje ya Louisville. Jirani yetu wa mtaa wa South End, fundi wa magari, ndiye aliyemfundisha. Mimi nilikuwa mpakia maboksi ghalani. Kazi yangu uwanjani ilikuwa kumsindikiza.

Timu moja ya Columbus ikamwona. Wao hawampi kijana gari kubwa mara moja. Wanamlea ngazi kwa ngazi: msimu mmoja vigari vidogo, na akifaa, anapandishwa kwenye magari yanayoshindana jimbo kwa jimbo. Mwaka ule, baada ya msimu wa vigari, walibaki na vijana wawili, binti yangu na mwenzake, na nafasi moja. Jaribio la mwisho lilikuwa karibu na Buffalo.

Baada ya mizunguko kumi binti alikuja kunywa maji, akaniambia gari linateleza upande wa nyuma kila akikata kona.

"Nikawaambie, Baba?"

"Watu wamekupa gari, halafu uwalalamikie? Wakikuuliza, sema liko vizuri, ahsante."

Ndivyo tulivyoishi kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Ofisa akiuliza habari za mgawo, unasema tunashukuru, hata kama unga una wadudu. Niliamini adabu hiyo ndiyo iliyotufikisha Amerika.

Mkufunzi wa timu, mzungu mzee mpole, alimwuliza binti mara tatu gari likoje. Mara tatu alijibu liko vizuri. Mwenzake alilalamikia breki, matairi, mpaka kiti. Nikamhurumia, nikidhani anajiharibia. Mafundi wakawa wanamrekebishia, naye anazidi kwenda kasi.

Jioni mkufunzi alituita mimi na binti.

"Binti ana mikono mizuri ya usukani kuliko yule," alisema. "Lakini magari yote mawili tuliyafanya yateleze nyuma makusudi, tuone nani atatuambia. Dereva akinyamaza, fundi hana la kufanya."

Binti yangu alinitazama. Nilijua anangoja niseme ni mimi niliyemzuia, na Kiingereza cha kusema hivyo nilikuwa nacho. Nikamshukuru mkufunzi, nikampa mkono.

Tukirudi nyumbani tulipita Columbus. Mbele kidogo akasema, "Uliona nilivyokuwa nakungoja."

"Niliona."

Jumatatu nilimpigia mkufunzi nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri. Nafasi alikuwa ameshaitoa, ila binti angeweza kurudia msimu mmoja kwenye vigari vidogo. Nikampelekea binti simu jikoni. Akamwambia hapana: hawezi kurudia darasa alilofaulu, na kumjaribu mtu bila kumwambia anatafutwa nini si haki. Alisema hivyo bila kutabasamu, bila ahsante.

Niliinua mkono kumwashiria apunguze ukali. Kisha nikauteremsha, nikamwacha amalize.