Majina Ambayo Kaka Selestini Hakuyaandika

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya zamani ninayoikumbuka vizuri kuliko ya jana. Kaka yangu Selestini alishuka kwenye treni hapa Kamina akitokea Ulaya, miaka ile Wabelgiji walipokuwa karibu kuondoka na wao wenyewe hawajui. Nusu ya kambi ya reli ilikuja stesheni kumpokea, maana marehemu baba yetu alikuwa fundi wa injini, na watu wa reli hawamtupi mtoto wa mwenzao. Mama alilia, akacheka, kisha akamwuliza mbele ya watu wote, "Njo umeisha kuwa dokotere?"

"Bado, mama," kaka akajibu. "Inabakia kidogo."

Hicho kidogo ndicho nitakachokusimulia, kwa kuwa umeniandikia kuuliza mtu anatakiwa afanye nini ili apate udaktari wa sayansi ya siasa. Walimu wako wapo, ungewauliza wao. Lakini umeniuliza mimi bibi yako, basi vumilia unisikilize mpaka mwisho.

Kaka alitueleza siku ileile, huku akila bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, utadhani Ulaya hawapiki. Kwanza ilibidi awe na shahada ya chini yake, ile wanayoiita lisansi, nayo alikuwa nayo. Kisha alisoma masomo mengine juu ya serikali na sheria, akafanya mtihani mgumu mbele ya walimu wake. Alitakiwa pia aweze kusoma lugha nyingine ya kizungu mbali na Kifaransa. Alichagua Kiingereza, ndiyo maana tulimsikia asubuhi akijisemea peke yake uani mpaka majirani wakaanza kumhurumia. Baada ya hapo unatafuta swali ambalo hakuna aliyelijibu sawasawa. Profesa akikubali kukusimamia, unakwenda kulitafuta jibu huko liliko, unaandika tasnifu, kitabu kizima, halafu unasimama mbele ya jopo la maprofesa wakuhoji hadharani. Ukitoka salama, wanakuita daktari. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza kama daktari wa namna hiyo anaweza kumtibu goti.

Swali la kaka lilikuwa hili: katika nchi yetu ya Baluba, nani anaweza kumwambia chifu hapana, na akishasema, nini kinafuata? Profesa alilipenda. Aliweka sharti moja tu, kwamba kila kauli itakayoandikwa iwe na mwenyewe, kwa jina lake na kijiji chake.

Tulikwenda kijijini kwa ndugu za mama, kaka akiendesha baiskeli na mimi nikiwa nimekaa nyuma na mzigo wa karatasi mapajani. Alinichukua kwa sababu moja. Yeye alipelekwa seminari angali mdogo, Kiluba chake kikawa cha kuombea chumvi. Mimi nililelewa na bibi kulekule kijijini, nikakijua Kiluba cha wazee. Na katika baraza lile mgeni hasemi mwenyewe, lazima awe na mtu wa kumsemea. Anayesema ndiye anayeyajibia maneno. Ukimsemea mwenzako ahadi, mbele ya wazee ahadi hiyo ni yako. Wazee walinung'unika kidogo kuona msemaji ni msichana, lakini mjomba wetu Kabamba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa baraza, aliwaambia wachague: ama wanisikie mimi, ama wasikie Kiluba cha Selestini. Walicheka, wakanikubali. Nikapakwa chokaa nyeupe mikononi kama desturi inavyotaka, nikapiga magoti.

Kicheko kiliisha nilipolitaja swali. Kisha mjomba Kabamba akaeleza kwamba kabla yetu alikuja karani wa serikali na maswali yaleyale. Mwanamume mmoja alimjibu kwa ukweli, akasema chifu aliyewekwa na Wazungu hakuwa chaguo la baraza, na karani akaliandika jina lake. Haukupita muda, lori likaja likamchukua, likampeleka mbali kule walikokuwa wakiwatupa watu waliodaiwa kuleta fujo. Hakuhukumiwa popote. Mkewe, mama Ngoie, tulimpita njiani akilima muhogo peke yake.

Mjomba akauliza: majina yetu yatakwenda wapi?

Kaka aliposikia habari hiyo alishtuka kweli, akasema hayatakwenda popote, hatayaandika. Nikalisema neno hilo kwa Kiluba, chokaa ikiwa bado mikononi mwangu. Ndipo wakaanza kuzungumza, na walipoanza, mwanangu, hawakuwa na breki. Tulikaa kule mpaka mvua zikatukuta. Kaka aliandika hadi kidole kikaota sugu. Walimweleza jinsi baraza linavyomwonya chifu, jinsi linavyomsusia, jinsi chifu mmoja alivyowahi kuvuliwa ngozi ya chui, alama ya uchifu, mchana kweupe. Sijamwona kaka mwenye furaha vile tena.

Tulirudi Kamina, akaandika sura ya kwanza, akamtumia profesa. Jibu lilikuja na treni. Kazi ni nzuri, profesa alisema, lakini bila majina jopo halitaipokea.

Kaka alitembea uani kutwa nzima. Jioni akaja jikoni nilipokuwa nasonga bukari, akaanza kwa sauti ya upole ambayo niliitambua mara moja.

"Jozefina, ule muzee alisema mambo ya ngozi ya chui, jina yake nani?"

"Sijue."

"Unajua. Weye hausahauke kintu."

"Njo najua, yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Lakini sitakuambia. Minyi njo niliwaambia majina haitaandikwa. Bale bababa banajua mudomo yangu, habajue profesa yako."

Alinikasirikia. Akasema mimi ni mtoto, sijui ni miaka mingapi ya maisha yake imo katika karatasi zile. Mama akaingia, akawa upande wake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, mama alikuwa mjane na huyo ndiye mwana aliyemtegemea.

"Baba yenu alikufa anangoya hii siku," aliniambia. "Na weye unamufungia ndugu yako njia?"

Nililia, machozi yakaingia katika moshi, bukari ikaungua, sikutaja jina hata moja. Nilikuwa mkaidi na ninashukuru kwamba nilikuwa mkaidi. Siku zilizofuata kaka alipita karibu yangu kana kwamba ninaambukiza ugonjwa. Mwishowe akasema twende tena kijijini, akawaombe wenyewe ruhusa.

Wazee walimsikiliza, wakaondoka kwenda kushauriana pembeni. Tulipokuwa tunangoja, mama Ngoie alituletea maji ya kunywa. Alikwisha kusikia kwamba kaka amekaa na Wazungu kwao. Alisubiri anywe, akapokea kikombe, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Bale bantu banabebaka kule mbali, kuko baridi?"

Kaka alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya serikali, na hilo hakulijua. Mama Ngoie akasema aksanti, kana kwamba amejibiwa, akarudi shambani.

Mjomba Kabamba alirudi peke yake. Ujanani alifanya kazi relini, kwa hiyo safari hii aliniacha mimi akamwelekea kaka kwa Kiswahili.

"Selestini, balikatala. Lakini jina yangu, uandike. Sema yote njo Kabamba alisema. Minyi niko muzee. Bakinibeba, babebe tu."

Nilimtazama kaka. Nilijua anataka kusema ndiyo. Jina moja lingetosha, profesa angeridhika, mama angecheka tena. Kaka aliinama akayatazama maji ya mama Ngoie yaliyomwagika chini, halafu akasema, "Hapana, mjomba. Hata yako sitaandika."

Tasnifu yake ilisema tu "wazee wa baraza". Alirudi Ulaya, akasimama mbele ya jopo, akaulizwa majina, akasema ameahidi. Hawakumpa udaktari. Walimwambia aanze upya sehemu kubwa ya kazi, atafute ushahidi ambao unaweza kuonyeshwa, alinganishe na nchi za machifu wengine. Akaanza upya. Bendera ilibadilishwa hapa Kamina naye bado anaandika. Mama alifariki kabla hajamaliza. Katika ugonjwa wake alikubali nimlishe na nimwogeshe, lakini jambo lile hatukulitaja, wala hakuniambia kwamba amenisamehe. Linaniuma hadi leo, sikufichi.

Kaka alikuja kuupata udaktari wake. Mume wa mama Ngoie hakurudi. Ila lori halikuja tena kijijini kwa ajili ya maneno yetu. Mjomba Kabamba alifia kitandani kwake, wanawe wakiwa wamemshika miguu, na wenzake vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mtu nyumbani mwake.

Basi mwanangu, sikia ninachokuambia. Soma masomo yako yote, hata yale yanayokuletea usingizi. Jifunze hiyo lugha nyingine, usiibahatishe. Chagua swali unaloweza kuishi nalo miaka mingi bila kulichukia. Usiliogope jopo, ni watu, nao waliwahi kuhojiwa. Lakini kabla hujamwuliza mtu habari za utawala, jiulize jibu lake linaweza kumfanya nini yeye, siyo wewe. Ukishajua, mwambie profesa wako mapema ni ahadi gani utakayotoa, kabla hujaondoka, siyo baada ya kurudi na karatasi zimejaa, maana hapo ndipo kaka yangu alipoumia. Na ukishaitoa, itimize, hata kama shahada itachelewa na watu wa nyumbani watakununia. Kununiwa kunauma lakini kunavumilika. Mimi nimevumilia.

Mungu akupe afya, macho ya kusoma na moyo wa kunyamaza panapotakiwa. Ukifika mwisho wa masomo, ufike ukiwa mzima. Na wote watakaokukaribisha na kukuambia mambo yao, Mungu awaache wazeeke katika nyumba zao.